Mwongozo kwa Mwenyeji Mgeni

Hongera kwa kupata nyumba. Ina baraza, mlango wake unatazama barabarani, na kwenye sanduku la barua jina lako limekosewa herufi moja tu. Sasa umeingia mwezi wa Oktoba, uko Minnesota, miti imegeuka rangi ya kutu, na wanao wamerudi shuleni na swali moja: "Baba, sisi tunapamba lini?" Usijibu haraka. Vuta kiti. Siku uliyokabidhiwa funguo hakuna aliyekuambia kwamba usiku wa tarehe 31, usiku wa Halloween, watoto wa watu watapanga foleni mlangoni pako, wamevaa sura za mizuka, wameshika mifuko mitupu, na watatamka maneno matatu ambayo kwa Kiswahili cha mtaani ni "toa kitu, la sivyo utatukoma". Kwetu mtu akija usiku na kauli kama hiyo anapigiwa yowe la mwizi. Hapa unampambia nyumba ili asipotee njia.

Nakuandikia kwa kuwa nimeshayakosea yote haya kabla yako. Fuata hatua moja moja. Utakosea tu, lakini angalau utakosea kwa mpangilio.

Kwanza fagia, kisha nunua uchafu. Najua ulivyolelewa. Kwetu Tanga mgeni akitazamiwa, uwanja unafagiwa tangu alfajiri, mkeka unakung'utwa, na ufagio unafungwa kwenye mti mrefu ili kutoa utando wa buibui darini. Hapa utando ndio pambo lenyewe. Unauzwa kwenye mfuko wa nailoni, mweupe kama sufi, pamoja na buibui wachache wa plastiki ambao hulipii. Uvute polepole mpaka ukonde. Ukiuacha mnene, baraza inafanana na godoro lililochanwa na mbwa. Usiutandaze kwenye vichaka, kwa sababu ndege wa kweli hunasa humo, na bundi pia, nawe utajikuta na bundi hai kwenye utando bandia wakati bundi bandia umeshamlipia dukani. Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalitambui mapema: utando halisi, ule uliofumwa na buibui halisi kwenye kona ya mlango, lazima uondoke. Huo ni uchafu, na majirani watausema. Tofauti hiyo usijaribu kuwaeleza watu wa nyumbani kwa simu. Vocha itakwisha.

Ukiweka mchawi, mpe ufagio. Ungo hawaujui. Mimi wangu nilimkalisha juu ya ungo halisi, uliosafiri ndani ya sanduku langu kutoka Tanga, nikajiona nimeleta elimu mtaani. Jirani akaniuliza kwa adabu kama yule bibi anauza nafaka.

Mzuka wa shuka ni rahisi zaidi: shuka jeupe, mpira chini yake, macho mawili ya wino. Hakikisha kichwa ni duara. Kisiwe na ncha hata kidogo, maana Marekani shuka jeupe lenye kichwa cha ncha ni vazi la wabaguzi wa Ku Klux Klan, na hakuna mtoto anayecheka. Wala usitundike sanamu la mtu mtini kwa kamba ya shingo, hata kama linauzwa, hata kama mtaa wa pili wanalo. Watu weusi kwa maelfu waliuawa hivyo katika nchi hii, na wajukuu wao wanapita kwenye barabara hiyo hiyo wakienda kazini. Kanuni hii haikuandikwa kwenye boksi lolote. Ukiivunja hutaambiwa. Utaona tu salamu zimepungua.

Sasa makaburi. Yanauzwa kwa seti, ni ya povu gumu lililopakwa rangi ya kijivu, na kila moja lina pini mbili za kuchomeka kwenye nyasi. Yapange yakiwa yameinama inama, kama meno ya mzee. Majina ya marehemu yawe ya mzaha. Usiandike jina la jirani, hata mkiwa marafiki wa kutaniana. Ataugua mwezi wa Novemba na wewe ndiye utakayekumbukwa.

Hapa inabidi nimtaje shangazi yangu. Alikuja kututembelea mwaka wa pili wa makaburi yangu, na kwa bahati mbaya tiketi ya bei nafuu ilikuwa ya wiki ya mwisho ya Oktoba. Gari lilipoingia uwanjani akaona mawe saba yamejipanga chini ya dirisha la sebule. Akanyamaza. Akapandisha kanga kichwani. Akasema kwa sauti ndogo, "Innalillahi. Mbona hamkuniambia?"

"Ni mapambo, shangazi."

"Mapambo ya nani?"

Nikanyoosha mkono kumwonyesha kwamba ni povu tupu. Akaushusha mkono wangu haraka. Kaburi halinyooshewi kidole, alinifundisha hivyo nikiwa na miaka mitano, na akashangaa kwamba ndege imefuta hata hilo. Usiku ule alitusomea Yasini sote, wazima na wa povu. Ushauri wangu: mapambo yakishasimama, usimpokee mzee yeyote kutoka nyumbani mchana. Mpitishe usiku, ingawa usiku yanawaka.

Mifupa ni suala la uchumi. Kulikuwa na zama za amani, mtu aliweka mifupa ya ukubwa wa mtu kwenye kiti cha barazani, akaivisha kofia, akalala. Mwaka 2020 maduka ya Home Depot yakaanza kuuza mifupa ya futi 12, zaidi ya mita tatu na nusu, kwa dola 299, na watu wakaigombania kama sukari ya magendo. Tangu hapo mtaa wowote unaojiheshimu una marehemu mmoja wa namna hiyo, macho yake yanawaka, kichwa kimefika kwenye dirisha la ghorofani. Usishindane naye. Hata ukiwa na pesa, huna stoo, na aliye naye pia hana. Ndiyo maana Desemba utamwona marehemu huyo huyo amevalishwa kofia ya Baba Krismasi. Februari atashika ua jekundu la wapendanao. Kwetu tulizoea kwamba mtu akishakuwa mifupa mitupu amepumzika.

Kama bado unataka kitu kikubwa, yapo madubwana ya kitambaa yanayosimama kwa kupulizwa na feni ndogo. Usiku ni vitisho. Asubuhi feni ikizimwa yanaanguka kifudifudi kwenye nyasi kama walevi wa sikukuu, na hivyo ndivyo mtaa utakavyoiona nyumba yako saa kumi na mbili kila siku, tarehe 1 mpaka 31. Kuna pia kidude kinachohisi mtu akipita, kikapiga ukelele. Kimetengenezwa kwa ajili ya watoto. Kitamtisha mleta barua, kitautisha upepo, na saa nane za usiku kitakutisha wewe, ambaye umekilipia.

Tuje kwenye boga, na hapo tutulie kidogo, kwa sababu ndipo heshima yako itakapopimwa.

Waairishi kwao walichonga mizizi migumu ya jamii ya figili, wakatia kaa la moto ndani, wakaiweka mlangoni mkesha wa Watakatifu Wote ili kutisha roho zinazorandaranda. Walipohamia Marekani wakakuta boga: kubwa, laini, na limejaa mashambani. Wakaachana na figili bila kuangalia nyuma. Wewe nawe usianze ubunifu. Chagua boga lenye kikonyo imara na sakafu bapa. Kata mfuniko kwa kisu kilichoinama, la sivyo utatumbukia ndani na hutaupata tena. Komba mbegu na nyuzi zote, kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko. Chora macho mawili na mdomo wenye meno machache. Anayejaribu sura ya rais humaliza na sura ya mjomba wake. Mshumaa uwe wa betri, kwa sababu jirani na boga lako kutakuwa na mabua makavu, utando wa plastiki, na watoto waliovaa vitambaa vinavyoburuzika chini.

Usichonge mapema. Boga lililotobolewa linaanza kuoza kabla wiki haijaisha, na Minnesota kabla ya kuoza linapata kindi. Kindi wa hapa ni wanene, hawana haya, na hula kwanza pua. Nilichonga langu tarehe 20 kwa pupa ya mwaka wa kwanza. Tarehe 27 lilikuwa limebaki kidevu. Mtaani wakalisifu kuliko yote. Waliamini nimekusudia.

Shangazi aliniona nikizoa nyama ya boga na kuitia kwenye pipa la taka, akaniuliza kama hizi ndizo akili nilizofuata Marekani. Boga ni futari, alisema, boga ni chakula cha kuvunjia saumu, halitobolewi macho. Nilimweleza kwamba boga la mlangoni haliliwi, kwamba yale ya kupika ni aina nyingine, yanalimwa zaidi jimbo la Illinois na huku tunayakuta yameshatiwa kwenye makopo. Hakunisikiliza. Akaliokoa pipani, akaliosha, akalipika kwa tui na iliki. Likawa maji na nyuzi. Akaonja, akaweka kijiko chini. "Na lenyewe limejigeuza," akasema.

Tarehe yenyewe ikifika, shughulika na taa. Hii ndiyo kanuni mama, na haijaandikwa popote: taa ya baraza ikiwaka, karibuni, ikizimwa, nyumba hiyo haimo. Basi. Jirani zetu kadhaa Waislamu huizima usiku huo, na Walokole wa mtaa wa nyuma vilevile, na hakuna mtoto anayewagusa wala mzazi anayewauliza. Sisi tuliiwasha kwa sababu wanangu walizaliwa hapa na wana kura nyingi kuliko mimi. Kosa la wageni ni kupamba nyumba nzima na kusahau swichi. Mwaka wa kwanza tulikaa gizani tangu magharibi, makaburi tayari, pipi tayari, tukijiuliza wamesusia nini.

Huku jua linazama mnamo saa kumi na mbili jioni siku hiyo, kwa kuwa tangu 2007 saa hazirudishwi nyuma mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wadogo kabisa wanaletwa kabla ya giza. Kwa hiyo watu pekee wanaoogopa kweli watakuta nyumba yako mchana, ambapo kila kitu kinaonekana kwa bei yake. Mtoto wa miaka mitatu akilia, vua sura yako ya bandia upesi. Akizidi kulia baada ya kuivua, usilichukulie kibinafsi.

Kuhusu mavazi yao, utalazimika kukisia. Baridi ya hapa humfanya kila mama amvike mwanawe koti zito juu ya vazi, kwa hiyo malkia, simba na mwanaanga wote huja wakiwa makoti. Sema, "Loo, umependeza!" bila kutaja jina la mnyama. Na mzazi wa zaidi ya miaka arobaini akisimama ngazini kwako, jiandae kusikia habari ya Halloween ya 1991, theluji ilipoanza kuanguka mchana wa tarehe 31 na kuendelea siku tatu mpaka Minneapolis ikazikwa chini ya sentimita 72. Alikuwa mdogo, alivaa buti, alizunguka nyumba zote. Sikiliza mpaka mwisho. Usimwambie kwamba kwenu mvua ya masika hubomoa daraja. Si zamu yako.

Pipi, sasa. Fahamu kwanza kwamba pipi ni rushwa, na ni rushwa iliyofanikiwa. Zamani usiku huu ulikuwa wa vijana kupaka madirisha sabuni na kupindua vyoo vya uani. Mji wa Anoka, hapa hapa Minnesota, ulichoka kuamka na kukuta ng'ombe wamefunguliwa wanazurura barabara kuu, ndipo mwaka 1920 ukaandaa gwaride ili vijana wawe na la kufanya. Sasa unajiita mji mkuu wa Halloween duniani. Nchi nzima ikafuata mkondo wa kuwanunua watoto, na bei inapanda. Ukitoa chokoleti ndogo za ukubwa wa kidole, wewe ni mtu wa kawaida. Ukitoa nzima, nyumba yako itatajwa shuleni. Ukitoa miswaki kwa kujali meno yao, asubuhi utaokota maganda ya mayai ukutani.

Usipike chochote. Narudia: usipike. Mwaka mmoja nilikaa jikoni mpaka usiku wa manane. Nazi, sukari, iliki. Sinia la pili la karanga. Nikakata kashata pembe nne, nikazifunga moja moja kwa karatasi, mafundo mawili kila moja. Watoto wakapokea. Mama mmoja aliyesimama njiani na tochi akatabasamu, akasema ni nzuri mno, akauliza zimetengenezwa na nani. Nikajibu kwa majivuno: mimi mwenyewe. Tabasamu likabaki palepale, macho yakaondoka. Asubuhi nilizikuta chini ya ua, mafundo hayajaguswa, isipokuwa zile ambazo kindi walikuwa wameshazifungua.

Kanuni ni hii: kilichopikwa na jirani mwenye jina na sura kinaogopwa, kilichotemwa na mashine isiyojulikana iliko kinaaminika. Mwanasosholojia Joel Best ametumia miaka mingi akifuatilia hadithi za wembe na sumu kwenye pipi za usiku huu, na hakupata tukio lililothibitishwa la mtoto aliyeuawa na pipi za mtu asiyemjua. Aliyemuua mtoto kwa njia hiyo alikuwa baba mzazi, huko Texas mwaka 1974, aliyetia sianidi kwenye pipi ya mwanawe ili alipwe bima. Alihukumiwa kifo, na hukumu ikatekelezwa mwaka 1984. Kwa hiyo wazazi wote huchukua mfuko na kuukagua wao wenyewe. Wakikagua hula zile nzuri. Karanga, nazo, ni hatari ya kweli kwa watoto wenye mzio, na ukiona mlangoni kwa mtu boga lililopakwa rangi ya feruzi, ujue ndani kuna vidude visivyo vya kula, kwa ajili yao. Alama hiyo imeenea nchi nzima tangu 2014. Shangazi alidhani ni boga bovu.

Kila mtoto pipi mbili. Usiulize umri. Kuanzia saa mbili usiku watakuja vijana wenye ndevu, wamevaa nguo zao za kila siku, wameshika foronya. Mji wa Chesapeake, Virginia, ulikuwa na sheria tangu 1970 iliyoweza kumpeleka jela mwenye zaidi ya miaka 12 akionekana anabisha hodi; mwaka 2019 wakaupandisha umri hadi 14 na jela wakaifuta. Wewe huna jela. Toa, tabasamu. Na usithubutu kuacha bakuli barazani na karatasi ya "chukua moja". Wa kwanza atachukua moja. Wa pili atachukua bakuli.

Pipi zitakwisha saa mbili na robo, hata ukinunua za kutosha harusi. Zikiisha, usitoke kueleza. Zima taa ya baraza, zima ya sebule, zima runinga, chomoa feni na dubwana lilale. Wakusanye wanao nyuma ya kochi. Usifungue friji, taa yake inaonekana mpaka barabarani. Simu ielekeze chini. Kama umeficha chokoleti tatu mfukoni, zisubirishe. Karatasi zake zina kelele kuliko mashine ya kusaga. Utasikia nyayo barazani. Watabonyeza kengele. Watabonyeza tena. Usipumue. Sekunde chache tu wataondoka, kwa maana nyumba yenye giza haimo, ndiyo kanuni, na mtaa mzima unaifuata.

Isipokuwa shangazi, aliye chumba cha nyuma akikunja msala wake baada ya isha, ambaye tangu azaliwe hajaacha hodi ya mtu ipite bila jibu: "Karibuuu! Ingieni, wanangu, kuna boga!"